Mlango Haukimbii: Namna ya Kupita Penye Mawimbi ya Kuvunja kwa Boti Ndogo

Hatari kubwa ya boti ndogo mara nyingi haiko kilindini. Iko mlangoni, pale bahari kuu inapoingia kwenye hori, mto au mkondo ulio kati ya visiwa. Nahodha ametoka salama, amevua au amebeba abiria wake, anaona minara ya mji na moshi wa majiko, na hapo ndipo mawimbi yanapomgeuza. Agosti 2017 boti ilizama hivyo karibu na Manda Bruno, Lamu, na watu wengi wa familia moja wakafariki. Walikuwa karibu na nchi kavu.

Makala haya ni ya nahodha, lakini ni ya abiria pia. Boti zinazokwenda Faza, Siyu, Kizingitini na Kiwayu hubeba walimu, wauguzi na askari waliotumwa kutoka bara. Mtu wa Kenyenya, kaunti ya Kisii, amesafiri zaidi ya kilomita 1,000 za barabara kabla ya kukanyaga gati la Mokowe. Maji aliyokua akiyaona ni ya Mto Gucha. Hata hivyo mto huo umemfundisha jambo moja la kweli: maji yanapopita kimya pana kina, na yanaporuka na kutoa povu pana jiwe chini. Mlangoni kanuni ni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba chini pana mchanga unaohama, na maji yanatoka pande mbili.

Yote yatakayofuata yanaweza kufupishwa hivi: uamuzi wa kupita mlango hufanywa nje ya mlango, kabla hujaingia. Ukishaingia kwenye povu, hakuna tena uamuzi. Kuna usukani na mashine tu.

KWA NINI MLANGO HUVUNJA

Wimbi la kilindini ni kilima kinachopita chini ya chombo. Chombo hupanda, hushuka, na maji yenyewe hayaendi mbali. Likifika penye maji machache, sehemu ya chini ya wimbi huburura kwenye mchanga na ya juu huzidi kukimbia. Wimbi linaumuka, linasimama wima, kisha linaanguka. Kwa makadirio, wimbi huanza kuvunja kina cha maji kinapokaribia kimo chake: wimbi la mita moja huvunja penye kina cha mita moja na robo hivi. Likivunja, maji yenyewe ndiyo yanayosafiri, na mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya kilo 1,000. Hakuna ubavu wa boti ndogo unaolizuia hilo.

Jambo la pili ni mkondo. Maji yanapopwa, hori zima hujimwaga kupitia mlango mmoja mwembamba. Mkondo huo ukitoka na upepo wa kusi ukisukuma mawimbi kuingia, wimbi hufupika, hukaribiana na mwenzake na kuinuka kama ukuta. Mlango uliokuwa shwari asubuhi, maji yakijaa, unaweza kuwa haupitiki saa tatu baadaye, na upepo haukuongezeka hata kidogo. Nahodha mgeni hulaumu upepo. Mwenyeji hutazama maji.

Penye mto hali huwa ngumu zaidi. Kipini, Mto Tana unapomwagikia Ghuba ya Ungwana, na kaskazini mwa Malindi, unapotokea Sabaki, mto hushusha mchanga na kuujenga fungu mbele ya mdomo wake. Mvua kubwa ya bara hulihamisha fungu hilo. Njia uliyoijua mwaka jana inaweza kuwa ni mchanga mwaka huu. Hata Gucha, ukifika mwisho wake Ziwa Victoria huko Nyatike, hukutana na mawimbi ya ziwa kwa namna hiyo hiyo.

SAA YA MAJI

Pwani yetu hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hupita mita tatu. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na mkondo ni mpole.

Maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa tofauti hiyo mafungu 12. Saa ya kwanza hutoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, na ya sita moja. Kwa tofauti ya mita tatu, saa ya kwanza maji hushuka sentimita 25 tu, lakini saa ya tatu na ya nne hushuka sentimita 75 kila moja. Hapo ndipo mkondo unapokimbia sana, na kina kinazidi kupungua.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata kanuni ya mlango:

– Wakati mzuri ni maji yakikaribia kujaa, na muda mfupi yakiwa yamesimama. Kina ni kikubwa na mkondo haupigani na wimbi.
– Wakati mbaya ni kuanzia saa ya tatu ya kupwa hadi karibu na mwisho wake, hasa siku za bamvua na upepo ukitoka baharini.
– Kuingia na maji ya kujaa kuna faida ya ziada: mashine ikizima, mkondo unakusukuma ndani. Maji ya kupwa hukurudisha kwenye mawimbi.

Halmashauri ya Bandari Kenya hutoa ratiba ya maji ya kila mwaka, na Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo na mawimbi. Zichukue kwa uzito. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoelekea Tanzania, onyo lilitolewa hadi pwani ya Kenya, ingawa kimbunga chenyewe kilitua upande wa Mafia. Mawimbi makubwa husafiri mbali kuliko upepo uliyoyazaa; unaweza kuyakuta mlangoni siku ambayo hata jani la mnazi halitikisiki.

KABLA YA KUUKARIBIA MLANGO

Haya yafanywe maji yakiwa bado mapana, wakati mikono ya kila mtu haina kazi nyingine.

Kwanza, jaketi za kuokoa maisha zivaliwe na kufungwa. Jaketi iliyo chini ya turubai au iliyokaliwa kama mto haiokoi mtu. Mtoto avalishwe yake na akae na mtu mzima mmoja anayejua kwamba huyo ni wake.

Pili, nguo. Buibui, kanzu na shuka ndefu zipandishwe na kufungwa kiunoni ili zisizonge miguu. Viatu vizito vivuliwe.

Tatu, uzito. Mizigo iwe chini kabisa, katikati ya boti, na ifungwe. Abiria wakae chini. Asikae mtu juu ya kipaa, na ikiwezekana asibaki mtu chini ya turubai lililofungwa pande zote. Boti ikipinduka, turubai hugeuka mtego. Kumba maji yote ya ngama. Maji yanayotembea ndani ya chombo hukimbilia upande uliolala na kuulaza zaidi.

Nne, mashine. Hakikisha mafuta yanatosha, na kama una tangi la pili libadilishe sasa, usingoje lile la kwanza liishe ndani ya povu. Mtikiso wa mawimbi huchafua mafuta yenye taka chini ya tangi. Mashine nyingi huzima hapo kwa sababu hiyo. Nahodha avae ile kamba ya kuzimia mashine mkononi au mguuni. Akirushwa, mashine izime, isije ikamrudia na panga lake.

Tano, nanga. Iwe wazi mbele, kamba yake imefungwa kwenye boti na haijajikunja. Makasia yawe juu, yasiwe chini ya magunia. Kamba zilizolegea zikusanywe zisiingie kwenye panga.

Mwisho, mpigie simu mtu aliye nchi kavu umwambie: tuko watu kadhaa, tunaingia mlango fulani saa hii. Kisha simu iingie kwenye mfuko usiopitisha maji.

SIMAMA, TAZAMA, HESABU

Ukitoka baharini unaona migongo ya mawimbi, na mgongo wa wimbi ni laini. Uso wake unaoanguka uko upande wa pili. Ndiyo maana mlango ukitazamwa kutoka nje huonekana mpole kuliko ulivyo. Tafuta dalili nyingine: ukungu wa maji unaorushwa juu ya mgongo, povu linalobaki, na ngurumo.

Kaa nje kwa angalau dakika 15. Mawimbi huja kwa makundi: machache makubwa hufuatana, kisha huja kipindi cha utulivu. Hesabu makubwa ni mangapi na utulivu hudumu muda gani. Kama utulivu ni mfupi kuliko muda unaohitaji kuvuka, jibu umeshalipata.

Tazama pia wimbi linavunja wapi. Mahali linapochelewa kuvunja, au lisipovunja kabisa, ndipo penye kina. Linganisha na alama za nchi kavu ambazo wenyeji huzitumia: mnara na mnazi, kilima na nyumba. Kama hujapita mlango huo tangu mvua za mwisho, uliza. Mvuvi wa hapo aliyepita asubuhi ana habari mpya kuliko ramani yoyote. Kuuliza hakumpunguzii nahodha heshima. Wahenga walisema, usione kwenda mbele, kurudi nyuma si kazi.

KUTOKA NJE

Kutoka ni rahisi kidogo kuliko kuingia, kwa sababu unaliona wimbi likija na omo ndiyo sehemu iliyojengwa kulipokea.

Ngoja kundi kubwa lipite, kisha nenda bila kusita. Elekeza omo kwenye wimbi, moja kwa moja au kwa pembe ndogo tu. Uwe na mwendo wa kutosha usukani ushike, usizidi. Ukikaribia kilele, punguza mashine kidogo ili boti isiruke na kuangukia tumbo upande wa pili. Kishindo hicho hupasua mbao na fiba na kuwaumiza abiria mgongo. Ukishapita kilele, ongeza tena kabla ya wimbi linalofuata. Usizime mashine, na usisimame katikati.

Kosa linaloua ni kubadilisha nia ndani ya povu na kugeuza. Ukigeuza, kwa sekunde kadhaa boti inakaa ubavu kwa wimbi, na wimbi la kimo sawa na upana wa boti yako linatosha kuipindua. Kama ni lazima urudi, amua kabla ya mstari wa kwanza wa mawimbi, au ngoja utulivu na ugeuze kwa nguvu zote, mara moja.

KUINGIA NDANI

Hapa ndipo ujuzi hupimwa. Wimbi linakuja nyuma yako, tezi ni pana na inasukumwa kirahisi, na usukani hulegea kwa sababu maji yanakwenda pamoja nawe.

Kama boti yako ina mashine yenye nguvu ya kwenda sawa na mawimbi, chagua wimbi moja na ukae juu ya mgongo wake, nyuma ya kilele. Nenda kwa mwendo wake. Usilipite: ukivuka kilele utateleza kwenye uso wake, omo itachimba maji, na tezi itakuja juu au itazunguka. Usibaki nyuma pia, la nyuma lisikupate. Nahodha atazame mbele, na mtu mmoja atazame nyuma na kumwambia kinachokuja. Uzito usogee nyuma kidogo ili omo iwe nyepesi, lakini si watu wote kurundikana tezi.

Kama mashine ni ndogo, huwezi kwenda sawa na wimbi, litakupita tu. Basi kazi yako ni kuhakikisha kila wimbi linakukuta tezi ikilitazama sawasawa. Punguza mwendo wimbi linapokuinua lisikubebe kwa kasi, kisha ongeza likishapita. Ndoo imara au furushi la kamba nene likiburutwa nyuma husaidia kuizuia tezi isizunguke. Tayarisha hilo nje ya mlango, na liangaliwe lisikaribie panga la mashine.

Ukihisi boti inaanza kugeuka ubavu, usizime mashine. Bila msukumo usukani hauna kazi. Inyooshe mapema, kabla haijageuka sana, na ongeza nguvu kwa muda mfupi hadi inyooke.

Kwa wenye tanga: punguza tanga kabla ya kuukaribia mlango. Kamba ya demani ishikwe mkononi, isifungwe, ili upepo ukizidi iachiliwe mara moja. Usibadilishe tanga upande mwingine ndani ya mlango. Panga njia yako uingie kwa upande mmoja tu. Mwenye ngalawa akumbuke kwamba tengo la upande wa chini ya upepo likichimba wimbi, chombo huzunguka juu yake.

MASHINE IKIZIMA

Tupa nanga mara moja, kupitia omo. Usianze kufungua mashine kwanza. Nanga ikishika, omo itatazama mawimbi nawe utapata dakika za kufikiri. Usitupe nanga kwa tezi hata kama ndiyo iliyo karibu: mawimbi yataingia kwa nyuma na kuijaza boti. Kama nanga haishiki, makasia yatumike kuweka omo kwenye wimbi.

BOTI IKIPINDUKA

Toka chini yake, shika ubavu, na ita majina. Kila mmoja ahesabiwe. Boti nyingi za mbao na za fiba zenye maboya ndani hubaki zikielea hata zikijaa maji, na boti huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Kwa hiyo kaeni nayo. Nchi kavu inayoonekana karibu inaweza kuwa upande wa pili wa mkondo unaotoka, na hata muogeleaji hodari huchoka akipigana nao. Aliyechukuliwa na mkondo asipigane nao uso kwa uso. Aelee, aogelee kuukata kwa ubavu, na ainue mkono.

Mwenye redio aite kwenye chaneli ya 16. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilicho chini ya Mamlaka ya Safari za Majini, KMA, na tangu 2018 kuna Walinzi wa Pwani. Lakini msaada wa kwanza karibu kila mara ni wavuvi walio jirani. Ndiyo sababu ya ile simu uliyopiga kabla ya kuingia.

NENO KWA ABIRIA

Nahodha wengi wanajua haya yote. Kinachowasukuma kuingia mlango mbaya ni abiria anayetazama saa, mzigo wa samaki unaoharibika, na maneno ya "mbona yule kapita?" Yule aliyepita labda alipita nusu saa kabla, na nusu saa ya maji kupwa ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo, mwalimu uliyetoka Kenyenya na unayetakiwa shuleni kesho asubuhi, haya ndiyo yako. Vaa jaketi ukiwa gatini, na kama hakuna, usipande. Hesabu watu, boti ikizidi uwezo wake, shuka, na nauli yako uidai. Kaa chini, na wimbi likija usisimame wala usikimbilie upande mmoja. Usimpigie nahodha kelele wala usimshike mkono. Na akisema "tungoje maji", usimuulize mara ya pili.

Kungoja si hasara kubwa kama inavyoonekana. Maji yakishapwa kabisa, baada ya saa sita na dakika chache yatakuwa yamejaa. Safari za Lamu Mashariki zina Mkanda, njia ya ndani kati ya Manda na bara, inayokinga chombo na bahari ya nje. Nayo pia hutaka maji ya kutosha. Atakayeondoka kwa saa ya Mkanda hatalazimika kuzungukia nje kwa sababu ya haraka. Na palipo na bandari nyingine ya kulala, lala. Samaki watauzwa kwa bei ya chini, mwalimu atachelewa kipindi cha kwanza, na wote watafika.

Mlango uko pale pale. Kesho utakuwa na kina.